Wifi ya hosteli inasumbua Mombasa? Anza na dalili kabla hujanunua bando

Kila muhula ukianza maswali huwa ni yale yale, na sanasana yanatoka kwa walio kwenye rumu za muda. Fresha aliyekosa hosteli ya chuo akakodi bedsita Tudor kwa mwezi mmoja mmoja, wa atachimenti aliyekuja bandarini miezi mitatu akapata chumba Mikindani, wale wanne wamejibana single moja Kisauni wakingoja majina ya hosteli yatoke. Huwezi kuvuta faiba yako kwa nyumba ambayo mwezi ujao huenda humo, kwa hivo unabaki na wifi ya mwenye nyumba, wifi ya mtaa ya kulipia kwa M-Pesa, ama data ya simu, na zote zikigoma kwa macho zinafanana, kale kaduara kanazunguka tu na asaimenti inafungwa saa sita usiku.

Wengi hapo wanakimbilia bando. Ukinunua kabla hujajua kilichokatika kiko wapi utalipa mara mbili kwa tatizo ambalo pengine ni saa ya simu kuwa nyuma (si utani, imo hapo chini).

Dakika mbili za kwanza, dalili yoyote ile

Intaneti inapita vipande vinne mpaka ikufikie: kifaa chako, hewa iliyo kati yako na rauta, rauta yenyewe, na laini inayotoka kwa rauta kwenda kwa kampuni. Unachotafuta ni kipande gani kimekatika, basi. Shika simu ya rumeti uiunganishe na wifi ile ile, halafu chukua kifaa chako ukiunganishe na hotspoti ya rumeti. Kama simu yake inafungua kwa wifi na yako haifungui, tatizo liko mkononi mwako, usimsumbue keateka. Kama zote mbili zimegoma kwa wifi lakini kwa hotspoti kila kitu sawa, ni rauta ama laini ya nje. Na kama kifaa chako kinagoma kila mahali, kwa wifi, kwa hotspoti, kwa jirani, basi ni kifaa, iwe ni setingi ama kadi ya wifi imekufa.

Weka simu hali ya ndege sekunde kumi kisha utoe, ikikataa izime uiwashe. Najua kila mtu anasema hivyo na unachoka kusikia, lakini mara nyingi inatosha, manake simu inaomba anwani upya na kushika laini upya.

Wifi imeshika, imejaa, lakini hakuna intaneti

Hili ndo lalamiko namba moja.

Sababu inayoongoza ni malipo. Kifurushi chako kimeisha, ama mwenye nyumba hajalipa. Kuijua ni rahisi, uliza majirani wawili wa milango tofauti, na angalia kalenda: ikiwa imekatika saa sita usiku juu ya alama, ama tarehe ile ile ya mwezi uliopita, hiyo si hitilafu, hiyo ni bili. Hapo hakuna setingi utakayobadilisha ikusaidie.

Ya pili ni ukurasa wa kuingia ambao haujajitokeza. Wifi nyingi za hosteli na za mtaa hazitoi intaneti mpaka ufungue ule ukurasa uweke kodi ya kuingilia (code) ama namba ya simu, na siku hizi tovuti karibu zote zimefungwa kwa usalama kiasi kwamba rauta haiwezi kukurusha kutoka hapo kwenda kwa ukurasa wake. Zima data ya simu kwanza, sababu simu ikiona wifi haina intaneti inahamia kwa data kimya kimya na ukurasa hautokei. Kisha fungua brauza uandike neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa iwe wazi makusudi kwa shida hii hii. Bado? Zima VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako njia ya pembeni. Bado? Ingia setingi za mtandao utafute DNS ya faragha (Private DNS; DNS ndo inageuza jina la tovuti kuwa namba yake), uiweke ya kujiendesha yenyewe, wengi waliiwasha kuzuia matangazo wakasahau. Halafu angalia tarehe na saa. Simu iliyozimika betri ikaamka na tarehe ya mwaka jana itakataa tovuti zote ikisema si salama, na mwenyewe utaapa kuwa ni wifi.

Tatu, rauta haikukupa anwani. Kwenye maelezo ya mtandao uliounganishwa, anwani ya kawaida inaanza na 192.168 ama 10. Ukiona laptop imeandika 169.254 hiyo imejitungia yenyewe baada ya kuomba ikanyimwa. Sahau mtandao huo, ingiza pasiwadi upya. Ikirudia, huenda anwani zimeisha, rauta ndogo ya nyumbani imewekwa ploti ya vyumba ishirini na kila chumba kina simu mbili na laptop na TV. Hapo mwombe keateka aizime kwa swichi, ahesabu mpaka thelathini, aiwashe. Itasaidia leo, kesho ama keshokutwa itarudi, na dawa yake ya kweli ni rauta kubwa, ambayo ni pesa ya mwenye nyumba si yako.

Nne, DNS. Dalili yake ni ya ajabu kidogo, WhatsApp inaingia lakini brauza haifungui kitu. Weka DNS 8.8.8.8 ama 1.1.1.1 kwenye setingi za wifi hiyo. Lakini kumbuka, kama wifi ni ya kuingia kwa ukurasa, ingia kwanza ndo ubadilishe, la sivyo unarudi kwa sababu ya pili.

Ya mwisho ni laini ya nje. Nenda ukaangalie taa za kile kiboksi cha faiba. Taa ilioandikwa LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki, waya umekatika, umebanwa na mlango, ama umekunjwa kona kali nyuma ya kabati. Ule waya mwembamba ndani ni kioo, ukikunjwa sana mwanga unavuja hata kama hujavunjika. Ukiona umekunjwa unaweza kuunyoosha taratibu, na hapo ndo mwisho wa kazi yako. Usiuchomoe, usichungulie ncha yake, mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza, na ukivunjika vipande vyake vinaingia kwenye ngozi. Usiunge kwa selotepu. Kampuni ndiyo inayokuja na mashine ya kuunganisha.

Na jambo moja ambalo ningelibandika ukutani kila hosteli: USIBONYEZE kale katundu ka kurejesha rauta upya. Kuzima na kuwasha ni sawa. Kale katundu kanafuta kila kitu pamoja na namba za siri ambazo kampuni iliweka, na tatizo la vyumba vitatu linakuwa la ploti nzima mpaka fundi aje, na ikiwa ni Ijumaa jioni mtakaa hivo hivo mpaka Jumatatu mkitazamana.

Nimelipa, M-Pesa imekatwa, intaneti haijaja

Hii ni ya wifi za mtaa, zile za kulipa kwa saa ama kwa siku kupitia namba ya till. Zimejaa Kisauni, Mishomoroni, Likoni, Changamwe, na kwa mtu wa rumu ya muda ni mkombozi kweli, hakuna mkataba. Ila zina ugonjwa wake.

Ugonjwa mkuu ni simu kubadilisha utambulisho. Mtambo wa wifi haukujui wewe kwa jina, unajua namba ya MAC ya simu yako, yaani namba ya utambulisho wake kwa wifi, na simu za siku hizi zinatumia MAC ya kubahatisha ili zisifuatiliwe. Ukisahau mtandao na kuingia tena, ama ukirejesha setingi za mtandao, simu zingine zinajitokeza na namba mpya na kwa mtambo wewe ni mgeni ambaye hajalipa kitu. Ingia setingi za wifi hiyo moja tu, sehemu ya faragha, chagua itumie MAC ya simu yenyewe. Fanya hivo KABLA ya kulipa. Kwa iPhone ni kitufe cha anwani ya faragha ndani ya maelezo ya mtandao huo. Mitandao mingine iache ilivyo, ile faragha ina kazi yake.

Kama umelipa tayari na namba imebadilika, usilipe tena. Rudi kwa ukurasa wa kuingia, mara nyingi pana sehemu ya kuweka kodi ya ule ujumbe wa M-Pesa, zile herufi na namba kumi za mwanzo, na kifurushi kinarudi.

Sababu nyingine, ulilipia kwa simu ukataka kutumia kwa laptop. Vifurushi vingi ni kifaa kimoja. Lipia kwa kifaa utakachokitumia kuandika, ama uliza kama wana cha vifaa viwili. Na mara chache ujumbe wa M-Pesa umechelewa kuufikia mtambo, subiri dakika tano ndo ulalamike.

Ukiona jina linalotokea kwa M-Pesa si la biashara uliyoizoea, simama. Kuna watu wanabandika karatasi yao juu ya karatasi ya wifi pale getini. Pesa ikishaenda kusikofaa, upesi peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe irudishwe, kabla mpokeaji hajaitoa. Na mwenye wifi akikuzungusha wiki nzima, Mamlaka ya Mawasiliano inapokea malalamiko ya wateja, huyo anayekuuzia intaneti anatakiwa awe na leseni. Wengi ukitaja leseni tu kifurushi kinarudi.

Mlangoni inashika, kitandani haishiki

Hapa Mombasa yenyewe ina mkono wake. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za matumbawe na chokaa, nene kweli kweli, zilijengwa zizuie jua na zinazuia wifi vile vile. Hata ploti mpya nyingi zimejengwa kwa bloku za matumbawe, ukihesabu kuta tatu kati yako na rauta usishangae. Zege lenye nondo ni baya zaidi, bati nalo mawimbi hayapenyi, yanarudi yalikotoka, na tangi la maji juu ya paa likiwa kati yenu limeshameza sehemu yake.

Anza na kilicho bure. Rauta ikitoa majina mawili, moja lina 5G mwishoni, chagua lile lisilo na 5G ukiwa mbali. Ile ya 5 GHz ni ya kasi lakini ukuta wa kwanza tu inachoka, ya 2.4 ni ya polepole na inapenya zaidi. Watu wanaichagua ya 5G wakidhani ni 5G ya simu, hazina uhusiano kabisa.

Kisha hamisha kitanda. Ama meza, sawa. Tembea na simu chumbani ukitazama mistari, tofauti ya mita moja kutoka nyuma ya nguzo inaweza kuwa ndo tofauti yote. Mlango wa mbao ukiwa wazi unasaidia kuliko ukuta.

Tatu ni rauta ilipowekwa. Wengi wenye nyumba wanaificha ndani ya kabati sebuleni kwao, nyuma ya TV, chini sakafuni, wakiogopa wizi. Mwombe kwa adabu ipandishwe juu na itoke kabatini, iende kwenye korido. Ukimwambia atapunguza simu za malalamiko usiku atakusikiliza, ukimwambia kaiweka vibaya hatakusikiliza.

Nne, msongamano wa chaneli. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na ploti zimebanana, kila moja na rauta yake. Pakua programu ya kuchambua wifi, uone jirani wote wamekaa wapi, na mwenye pasiwadi ya rauta aihamishe kwa ile yenye watu wachache. Mwenye pasiwadi, nimesema. Usijaribu ile ya admin admin kwa rauta isiyokuwa yako.

Ndo sasa ya kutoa pesa. Ripita ya kuchomeka kwa soketi ni ya bei nafuu lakini zile za kawaida zinapokea na kurusha kwa mawimbi yale yale, kwa hivo kasi inapungua karibu nusu, na ukiichomeka chumbani kwako ambako signo ni mbovu itakurushia ubovu ule ule kwa nguvu. Iweke katikati ya njia. Kebo ya mtandao ni bora mara mia kama mwenye nyumba amekubali ipite koridoni, inafika mita 100 bila shida, na siku ya kuhama unaikunja unaenda nayo. Lakini kama kebo inataka kupita juu ya paa ama nje karibu na waya za stima, acha, hiyo ni ya fundi.

Mchana inaruka, usiku inatambaa

Saa mbili usiku mpaka saa tano. Kila mtu karudi, kila mtu yuko YouTube, ni foleni ya feri ya Likoni jioni. Mwenye nyumba kalipia Mbps 10, vyumba ishirini, kila chumba kikiwa hewani unabaki na nusu Mbps, na simu ya video peke yake inataka karibu 1. Hakuna kilichoharibika hapo.

Pima uhakikishe. Pima kasi ukiwa kitandani, halafu ukiwa umesimama karibu na rauta, halafu saa kumi na moja alfajiri. Kama karibu na rauta usiku ni nzuri na kitandani ni mbovu, ni hewa, rudi sehemu iliyotangulia. Kama ni mbovu kote usiku na nzuri alfajiri, ni msongamano. Kama ni mbovu saa zote, hata alfajiri, hata karibu na rauta, mwenye nyumba ana sababu ya kuipigia kampuni na ana ushahidi wako.

Dawa ya msongamano ni kupanga. Vitu vikubwa pakua alfajiri, wengi tunaamka mapema na wifi wakati huo inakimbia. Noti za PDF pakua zote mara moja uzisome nje ya mtandao. Kwenye kipindi cha video zima kamera, lekcha atakuelewa. Mwenye rauta anaweza kuweka kikomo kwa kila kifaa, na hiyo inasaidia kuliko kuongeza Mbps, sababu mtu mmoja anayepakua msimu mzima wa tamthilia atazila zote hata ukiongeza.

Mara chache sana tatizo liko mbali na hosteli kabisa. Kebo za baharini zinazoleta intaneti Kenya zinatua hapa hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS za 2009, EASSy ya 2010 na nyingine zilizofuata, na watu huuliza mbona sisi tulio karibu na kebo tunateseka. Ukaribu na kebo hausaidii chochote kama tatizo ni rauta ya mwenye nyumba. Ila kebo zenyewe zikikatika tunaumia wote, kama Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu upande wa kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Siku kama hiyo utajua, hata ndugu yako aliye Nairobi na binamu aliye Dar wanalalamika. Hapo usiguse setingi, tafuta kitu kingine cha kufanya.

Data ya simu: mistari imejaa, haifungui

Kabla ya kitu chochote angalia salio la bando lenyewe, si la pesa. Kwa Safaricom ni *544# ufuate menyu. Bando nyingi za bei rahisi ni za saa moja ama mpaka saa sita usiku, na wengi wananunua la siku saa nne usiku bila kusoma linaisha lini.

Kisha angalia simu imeshika nini. Ikiwa imeandika E ama H pale juu na mtaa una 4G, ingia setingi za laini uchague 4G, pengine ulibadilisha kuokoa betri. Simu ya laini mbili, hakikisha data iko kwa laini yenye bando, hii inawapata watu wazima na akili zao.

Laini iliyohamishwa kutoka simu nyingine huenda imekosa APN, ile setingi inayoielekeza simu kwa intaneti ya kampuni. Kwa Safaricom jina ni safaricom, jina la mtumiaji saf, pasiwadi data. Laini nyingine omba setingi kwa huduma kwa wateja.

Halafu kuna chumba chenyewe. Ghorofa ya chini, kuta nene, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Weka simu dirishani, washa hotspoti, kaa na laptop kitandani. Mistari ikijaa na bado haifungui saa za usiku, mnara umejaa watu, jaribu laini ya kampuni nyingine kabla hujaongeza bando kwa hii. Mtu wa rumu ya muda awe na laini mbili za kampuni tofauti, siku ya kwanza ukifika tembea nazo chumbani uone ipi inashika, ndo ununue bando kubwa.

Bando la GB moja limeisha kwa nusu saa

Hakuna aliyekuibia. Umeunganisha laptop kwa hotspoti, na Windows imeona wifi ikadhani ni ya bure, ikaanza kupakua sasisho, OneDrive inapandisha picha, na brauza imefungua zile tabo thelathini za jana. Kwenye Windows fungua maelezo ya wifi hiyo uiwekee alama kuwa ni ya kupimwa (metered), sasisho kubwa zitasubiri. Simu nayo, WhatsApp iache kupakua video zenyewe, picha zisijihifadhi mtandaoni kwa data.

Baada ya hapo angalia nani yuko kwa hotspoti yako. Ikiwa pasiwadi ni namba yako ya simu, chumba cha pili wote wanaijua.

Hotspoti ikikatika kila baada ya dakika chache, hiyo ni simu inajizima kuokoa betri, toa ule muda wa kujizima na uichomeke chaja. Laptop ikikosa kabisa kuiona, badilisha hotspoti itoke 5 GHz iende 2.4, laptop nyingi za mtumba haziioni ile nyingine.

Stima ikienda na kurudi, rauta hairudi

Tazama adapta kwanza, siyo rauta. Stima ikirudi kwa kishindo adapta ndo inakufa mwanzo. Taa zote zimezima na soketi inafanya kazi kwa chaja ya simu, basi ni adapta. Soma chini ya rauta inataka volti ngapi na ampea ngapi, nyingi ni 12V, zingine 9V, na ununue ya namba hizo hizo. Usichomeke chaja ya laptop kwa sababu tundu limeingia, hiyo inatoa 19V na rauta utaizika.

Kale ka-UPS kadogo ka rauta, yaani betri ya akiba, ni ununuzi mzuri wakigawana vyumba vinne. Lakini uliza kwanza intaneti yenu inakuja vipi. Ya faiba kwa kawaida itaendelea hata mtaa wote uko gizani. Ya antena inayopokea kutoka paa la ploti nyingine itakufa na stima ya huko, hata kama UPS yenu imejaa.

Simama hapa ukisikia harufu ya plastiki inaungua, soketi imekuwa nyeusi, ama ekstenshini ni moto kwa mkono na imebeba rauta, pasi na koili ya maji. Zima swichi kubwa, usimwage maji, ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Dirisha la chuma ama bati likikupiga shoti hata kidogo, toka, mwambie mwenye nyumba saa hiyo hiyo. Waya wa stima umeanguka nje, kaa mbali nao na uipigie Kenya Power, 97771.

Mvua ikinyesha inakufa, jua likiwaka inarudi

Masika, Mei hasa. Na si mvua peke yake, ni chumvi. Upepo wa bahari unakula viunganishi vya chuma, kebo ya mtandao iliyokaa nje miaka miwili Nyali ama Likoni ukiichomoa unakuta zile pini zimegeuka kijani. Ndani ya chumba unaweza kuangalia kichwa cha kebo, kikiwa na kutu kinabadilishwa kwa bei ndogo na fundi yeyote wa kompyuta. Laptop na rauta zisikae ukutani panapovuja.

Kuhusu antena ya paani, usipande. Bati limelowa, waya za stima ziko karibu, na radi haichagui. Na kebo inayoshuka kutoka kwa antena ile hubeba umeme, ina kiboksi chenye matundu mawili, LAN na POE. Ukichomeka laptop kwa tundu la POE ukidhani unapata intaneti moja kwa moja unaweza kuua tundu la laptop, na fundi wa laptop ni ghali kuliko muhula mzima wa bando.

Kila kitu kinafungua isipokuwa potali ya chuo

Siku ya kusajili masomo, ni potali yenyewe imezidiwa. Jaribu kwa data, jaribu alfajiri. Ikifungua kwa data na kwa wifi haifungui, zima VPN, badilisha DNS, futa kumbukumbu za brauza kwa tovuti hiyo.

Ukiwa kampasi na chuo chako kimejiunga na eduroam (wifi ya pamoja ya vyuo) kupitia KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, usiandike jina tupu, andika jina lote na @ ya chuo mwishoni, hapo ndo wengi wanakwama. Uzuri wake ukiiseti vizuri mara moja inashika pia kwa chuo kingine chenye eduroam, kwa hivo wa atachimenti jaribu hata kama umetoka bara.

Unapompigia mwenye nyumba

"Wifi mbaya" haimsaidii mtu. Tuma kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Wifi ya ploti imekata tangu saa moja jioni, vyumba 3, 5 na 8 wote hawana, kwa data tunapata. Keateka amezima na kuwasha rauta mara moja. Taa ya LOS ni nyekundu, picha hii hapa. Hatujagusa waya. Tafadhali wapigie kampuni, watataka namba ya akaunti ambayo iko kwako."

Ile picha ya taa usiiache, kampuni itaiuliza kabla ya kutuma fundi.